Hirizi nne za Elden Ring: shajara ya mhusika wa panga mbili

Ijumaa usiku, kuunda mhusika

Gemu ya video Elden Ring inakuanzisha na nafasi moja tu ya hirizi, kipambo kinachompa mhusika nguvu fulani. Tatu zilizobaki unazitolea jasho: moja anaiachia bosi Margit ukimwangusha mlangoni mwa ngome ya Stormveil, nyingine anakupa mhusika Enia pale Roundtable Hold ukishapata Great Rune mbili (tuzo za mabosi wakuu), na ya mwisho inatoka kwa kivuli cha dhahabu cha Godfrey ndani ya jiji la Leyndell. Hirizi zenyewe zinapita mia moja, na hapo sijagusa zile za nyongeza ya gemu, Shadow of the Erdtree, iliyotoka Juni 2024.

Mdogo wangu kaanza gemu hii juzijuzi na swali lake halibadiliki: "Kaka, hirizi kali kuliko zote ni ipi?" Nimeamua nisimjibu kwa jina. Namjibu kwa mhusika mzima, tangu mwanzo wa gemu hadi mwisho, na kila nafasi inapofunguka naandika nimevaa nini, nimevua nini, na hesabu iliyonifikisha hapo. Msimamo wangu ni kwamba hirizi haina ukali wake peke yake. Inategemea umefika leveli gani, pigo lako la kila mara ni lipi, na huyo aliye mbele yako anakuumiza kwa kitu gani.

Nimechagua Hero, aina ya mhusika wa kuanzia. Anaanza leveli ya 7 akiwa na Vigor 14 (damu), Endurance 12 (stamina na uzito wa kubeba), Strength 16 (nguvu) na Dexterity 9 (wepesi). Mpango ni panga kubwa mbili, moja kila mkono, na pigo kuu ni lile la kuruka: unaruka, unabonyeza kitufe cha L1 ukiwa hewani, panga zote mbili zinashuka pamoja.

Kabla ya kuanza unachagua zawadi moja. Wengi wanakimbilia Crimson Amber Medallion kwa sababu ni hirizi tayari, unaivaa dakika ya kwanza. Inaongeza damu, yaani uhai wa mhusika, kwa asilimia 6. Sasa tazama: Hero wa Vigor 14 ana damu 499. Asilimia 6 ya hiyo ni 30. Askari wa kawaida wa Godrick akikugusa mara moja anakunyang'anya zaidi ya hapo. Nimechukua Stonesword Key, maana zinakuja mbili, na kila moja inafungua mlango wenye kitu ambacho damu 30 haiwezi kukifikia.

Jumamosi, nafasi ya kwanza

Funguo mbili zinaweza kwenda Fringefolk Hero's Grave, lile kaburi lililo palepale unapoanzia gemu. Mlango wake unakula zote mbili, na ndani yake mna Erdtree's Favor, hirizi ambayo iko kwenye karibu kila orodha ya hirizi bora. Inaongeza damu, stamina na uzito unaoweza kubeba, vyote kwa mpigo. Lakini toleo hili la kwanza linaongeza damu kwa asilimia 3. Kwangu hiyo ni damu 15. Erdtree's Favor ni hirizi ya mtu aliyeshiba, aliye na namba kubwa za kuzidishwa. Asilimia ya kitu kidogo ni kidogo.

Nimepeleka ufunguo mmoja Summonwater Village. Kijiji kimezama nusu, mifupa inainuka majini, na kwenye ghala la chini la nyumba moja kuna mlango wa ukungu. Nyuma yake ni Green Turtle Talisman. Hii haiongezi asilimia ya kitu ulichonacho. Inaongeza stamina pointi 8 kila sekunde, iwe uko leveli ya 7 au ya 150. Kasi ya kawaida ya stamina kurudi ni 45 kwa sekunde, kwa hiyo ni karibu asilimia 18 zaidi, tangu siku ya kwanza.

Kwa mtu wa panga mbili hiyo ni pumzi ya kweli. L1 moja inakula stamina ya panga zote mbili. Nikipiga mara mbili kisha nikabingirika kukwepa, ule mstari wa kijani umebaki kama uzi. Bila kobe, askari mwenye ngao anakuwa ameshageuka na kuinua mkuki kabla sijapata stamina ya kupiga tena. Nikiwa na kobe, mstari unajaa akiwa bado anageuka. Tofauti ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini inatosha kunifanya mimi ndiye ninayepiga kwanza.

Nafasi ya kwanza: Green Turtle Talisman. Ufunguo wa pili nimeuweka.

Jumapili, Fort Faroth

Silaha zangu zimekuja kwa urahisi. Lordsworn's Greatsword iko kwenye kasha nyuma ya mkokoteni pale Gatefront Ruins. Claymore iko Castle Morne, kusini kabisa mwa Weeping Peninsula. Shida ni Dexterity: Lordsworn's inadai 10, Claymore inadai 13, mimi nina 9. Leveli nne nzima za kushika upanga tu, wakati Vigor inalia njaa.

Hapa ndipo Radagon's Soreseal inapoingia. Inakupa pointi 5 za Vigor, 5 za Endurance, 5 za Strength na 5 za Dexterity. Pointi 20 kwa hirizi moja, na mhusika wa leveli ya 7 hana namna nyingine ya kuzipata siku hiyohiyo. Bei yake: kila pigo linalokupata linaongezeka kwa asilimia 15.

Njia fupi ni hii. Nenda Third Church of Marika, upande wa mashariki wa Limgrave, ingia nyuma ya kanisa hadi kwenye lile lango la kusafirisha lililofichwa kichakani. Linakutupa nje ya Bestial Sanctum, kaskazini ya mbali, nchi ya Dragonbarrow. Hapo kuna Black Blade Kindred amesimama. Usimchokoze, panda farasi wako Torrent na uondoke. Vuka Farum Greatbridge bila kusimama kwa ajili ya joka Greyll, teremka hadi umwone Greyoll, joka mkubwa aliyelala ardhini, na ngome iko karibu naye. Ndani ni giza na popo wenye sura za watu. Panda juu, kisha shukia kwenye chumba kilicho na maiti yenye hirizi. Ukiwa huko chukua pia nusu ya Dectus Medallion, utaihitaji kupanda eneo la Altus.

Nimeivaa badala ya kobe. Claymore imekubali mkono siku hiyohiyo.

Sasa hesabu, kwa sababu watu wanabishana sana juu ya hirizi hii, wengine wanasema usiivue kamwe na wengine wanasema usiivae kamwe, na wote wanaongea kama Vigor ni mstari ulionyooka. Sio. Vigor 15 inakupa damu 522. Vigor 20 ni 652. Vigor 25 ni 800, 30 ni 994, 35 ni 1,216, 40 ni 1,450. Baada ya 40 mlima unalala: 45 ni 1,581, na 60 ni 1,900. Kutoka 60 hadi 65 unaongeza kama damu 30 tu.

Ili kujua kama Soreseal inakulinda au inakuangusha, chukua damu utakayokuwa nayo ukiivaa, igawe kwa 1.15, kisha ilinganishe na damu yako ya bila hirizi. Mtu wa Vigor 25 akiivaa anakuwa na 994. Gawa kwa 1.15, unapata 864. Hiyo ni zaidi ya 800. Maana yake, pamoja na kuumia zaidi, bado amekuwa mgumu kufa kuliko alivyokuwa. Wa Vigor 35 anapata 1,261 dhidi ya 1,216. Bado anafaidika, kidogo. Wa Vigor 40 anapata 1,375 dhidi ya 1,450. Hapo ameanza kula hasara. Wa Vigor 60 anabaki na kama 1,678 badala ya 1,900.

Kwa hiyo Soreseal ina umri. Ni nzuri kabisa kuanzia siku ya kwanza hadi Vigor inapokaribia 40, kisha inakugeuka.

Na kuna chupa. Hili sijaona watu wakilitaja vya kutosha. Chupa nyekundu inarudisha damu ya kiasi maalumu, haijali hirizi. Ikiwa haijaongezwa nguvu inarudisha 250. Ikifika +12 inarudisha 810. Ukiwa umevaa Soreseal, ile 810 inafanya kazi ya 704, kwa sababu kila pigo linakula asilimia 15 zaidi. Mtu mwenye chupa 14 nyekundu anapoteza karibu damu 1,480 kwenye safari moja, kiasi cha kumpa mtu uhai mwingine mzima. Mwanzoni chupa ni chache na ndogo, hasara haionekani. Mwishoni inaonekana sana.

Nafasi ya kwanza, hadi hapa: Radagon's Soreseal. Mpango wa kuivua nimeshauandika: Dexterity lazima ifike 13 ya kwangu mwenyewe kabla ya siku hiyo, la sivyo Claymore itanikataa.

Jumanne, Stormveil

Margit kaanguka, nafasi ya pili imefunguka, na kobe karudi. Soreseal na kobe pamoja wanafanya Hero huyu awe tofauti kabisa na yule wa Ijumaa.

Ndani ya Stormveil, upande wa Rampart Tower, nimechukua Claw Talisman. Inaongeza mapigo ya kuruka kwa asilimia 15. Kwa mtu mwingine hii ni takataka, naisema wazi. Mdogo wangu aliye mchawi hawezi kuifanyia chochote. Mimi ninaruka karibu kila ninapoanzisha shambulio.

Jinsi ninavyoipima hirizi ya kushambulia ni rahisi: chukua asilimia yake, zidisha kwa sehemu ya mapigo yako ambayo inayahusu. Ikiwa nusu ya madhara ninayoyatoa yanatoka hewani, Claw inanipa asilimia 7.5 kwa jumla. Ikiwa robo tatu, zaidi ya 11. Kwa hesabu hiyohiyo Axe Talisman, inayoongeza asilimia 10 kwa pigo lililoshikiliwa, kwangu haina thamani, kwa sababu sishikilii pigo. Hirizi yenye asilimia kubwa unayoitumia mara chache inashindwa na ndogo inayofanya kazi kila sekunde.

Leo sijaivaa bado. Nafasi mbili zimejaa, na kati ya Claw na kobe bado nahitaji kobe.

Jumamosi, Raya Lucaria

Godrick na Rennala wote wameshuka. Enia ametoa kifuko cha hirizi. Nafasi ya tatu: Claw Talisman, bila kufikiri.

Hapa naandika kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye ni Astrologer, Vigor 9, damu 396, Dexterity 12, Intelligence 16. Chuo cha Raya Lucaria ni nyumbani kwake, na kuna hirizi mbili anazopaswa kutoka nazo humo.

Radagon Icon iko ghorofa ya juu ya Debate Parlor, yule mbwamwitu mwekundu akishaondoka. Inafupisha muda wa kutoa uchawi, na inafanya hivyo kwa kujifanya umeongeza Dexterity 30. Kasi ya uchawi inaacha kuongezeka Dexterity ikifika 70. Kwa hiyo mtu wa 12 anachawia kama mtu wa 42, faida yote anaipata. Mtu wa 40 anafika kikomo kamili. Mtu aliyekwisha kufika 70 akiivaa hapati kitu hata kidogo, ni nafasi iliyokaa bure. Hirizi ileile, watu watatu, thamani tatu.

Graven-School Talisman imefichwa chuoni humohumo nyuma ya ukuta wa kiini macho. Inaongeza nguvu ya uchawi kwa asilimia 4. Kubwa lake, Graven-Mass, linaongeza 8 na liko mbali sana, Albinauric Rise kwenye Consecrated Snowfield. Kuna pia Magic Scorpion Charm, anayoitoa Seluvis ukimpelekea Amber Starlight: asilimia 12 juu ya madhara ya kichawi, na kwa malipo mapigo ya kawaida ya silaha yanakuumiza kwa asilimia 10 zaidi. Kwa mchawi anayepiga kutoka mbali malipo hayo yanabebeka. Aliniuliza ipi aanze nayo. Nilimwambia: "Anza na ile ya kasi. Uchawi usiotoka haumuui mtu."

Huo ndio ushauri wangu kwa kila mchawi mchanga. Asilimia 4 za nguvu hazionekani kwa macho. Pigo lililotoka kabla adui hajakufikia linaonekana.

Katikati ya wiki, Altus

Vigor yangu mwenyewe imefika 36, Dexterity 13. Siku ya kuivua Soreseal inakaribia.

Altus ina vishawishi vingi. Ritual Sword Talisman, iliyoko Lux Ruins, inaongeza nguvu zote za kushambulia kwa asilimia 10 damu yako ikiwa imejaa. Ukiisoma inavutia: asilimia 10 kwa kila kitu. Lakini mimi napigana uso kwa uso. Damu yangu inakuwa imejaa kwa pigo la kwanza, labda la pili, kisha nimekwanguliwa. Kwa mtu wa upinde au mchawi anayekaa mbali, hii ni bora kuliko nyingi. Kwangu ni hirizi ya kufungulia pambano tu.

Godfrey Icon, anayoitoa Godefroy kwenye Golden Lineage Evergaol, inahusu uchawi na ujuzi wa silaha unaoshikiliwa. Sihusiki nayo.

Kilichonipendeza Altus sio hirizi. Sage's Cave ina vazi la kifuani liitwalo Raptor's Black Feathers, linaloongeza mapigo ya kuruka kwa asilimia 10. Gemu hii inazidisha, haijumlishi: 1.15 ya Claw mara 1.10 ya vazi ni 1.265. Nimeona tofauti kwa macho kwenye maaskari wa Leyndell waliopo nje ya kuta. Aliyekuwa anabaki na chembe ya damu baada ya miruko miwili sasa anakwenda chini. Kwa panga mbili kubwa, muruko mmoja pungufu kwa kila adui ni safari nyingine kabisa.

Sainted Hero's Grave nimechukua Dragoncrest Shield Talisman +1. Inapunguza madhara ya silaha za kawaida kwa asilimia 13. Nimeiweka mfukoni.

Ijumaa, Leyndell

Kivuli cha dhahabu cha Godfrey kimeanguka na nafasi ya nne ipo. Vigor imefika 40, na leo Soreseal imetoka.

Mpangilio wa kuingia milimani, eneo linalofuata: kobe, Claw, Dragoncrest +1, na nafasi moja ya kubadilishabadilisha.

Nafasi hiyo ya nne ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Nilikuwa na Endurance 25, inayokupa uwezo wa kubeba uzito 72. Ukitaka kubingirika vizuri usifike asilimia 70 ya hapo, yaani kama 50. Panga zangu mbili ni 18, kwa hiyo zinabaki 32 za mavazi na hirizi. Great-Jar's Arsenal inaongeza uwezo kwa asilimia 19: 72 inakuwa 85.7, na asilimia 70 yake ni karibu 60. Ghafla nina 42 za mavazi. Ili kupata hivyo kwa Endurance peke yake ningehitaji kama leveli 11.

Kuipata ni lazima urudi Caelid, kwa lile chungu kubwa lililokaa nje ya ukumbi wa mapambano wa Dragonbarrow, na uwashinde mashujaa watatu mmoja baada ya mwingine. Wanapigana kama watu, sio kama majitu. Wanakunywa chupa, wanasubiri ukose. Nilifurahia sana pambano hilo, na ninalipendekeza hata kwa asiyehitaji uzito.

Kwa mavazi mazito naweza kupokea pigo dogo katikati ya muruko bila muruko wangu kukatika. Hiyo ndiyo sababu hasa ya Great-Jar's kwa mtindo huu. Ulinzi wenyewe ni ziada.

Nafasi ya nne: Great-Jar's Arsenal.

Wikiendi, Elphael

Chini ya mti mkubwa wa Haligtree, kwenye mji wa Elphael, karibu na Drainage Channel, kuna vitu viwili vinavyobadilisha kila kitu nilichoandika juu.

Cha kwanza ni Dragoncrest Greatshield Talisman, inayopunguza madhara ya silaha za kawaida kwa asilimia 20. Vigor yangu sasa ni 60, damu 1,900. Crimson Amber Medallion +2 ingenipa asilimia 8, yaani damu 152. Greatshield, dhidi ya adui anayetumia silaha za kawaida, inanifanya kama mtu wa damu 2,375, na chupa yangu ya 810 inafanya kazi ya 1,012. Sioni ulinganisho. Hata mtu anayeng'ang'ania Soreseal akizivaa zote mbili, 1.15 mara 0.80 ni 0.92: anaumia pungufu kuliko asiye na kitu. Mradi tu asipigwe kwa moto, radi, uchawi au nuru takatifu, maana hapo Greatshield haimsaidii na Soreseal inaendelea kumlipisha.

Cha pili ni Millicent. Ukifuata hadithi yake tangu Caelid, unamkuta hapa, na baada ya adui aitwaye Ulcerated Tree Spirit kufa zinatokea alama mbili chini. Ya dhahabu unasimama naye dhidi ya dada zake wanne. Nyekundu unamgeukia. Ukimsaidia unapata Rotten Winged Sword Insignia: mapigo yanayofuatana yanaongezeka kwa asilimia 6, kisha 8, kisha 13. Ukimwua unapata Millicent's Prosthesis: asilimia 4, 6, 11, pamoja na Dexterity 5. Hirizi hizi mbili zinavalika pamoja, na wapo wanaomaliza gemu mara mbili, mara ya kwanza upande mmoja na mara ya pili upande mwingine, ili wazipate zote.

Nimesimama naye. Kwa hesabu tupu, mtu wa Strength kama mimi anapaswa kuchukua Rotten kwa vyovyote, lakini nisingebadilisha hata kama namba zingekuwa kinyume. Ni binti aliyetembea kutoka kwenye kibanda cha Caelid hadi mizizi ya mti huu akioza njia nzima, na msaada pekee alioupata ulikuwa kutoka kwangu. Hirizi hii naivaa nikijua imetoka wapi.

Na inafanya kazi ajabu kwa panga mbili, kwa sababu kila L1 inagusa zaidi ya mara moja, ngazi zinapanda haraka. Claw mara vazi mara kilele cha Rotten: 1.265 mara 1.13 ni kama 1.43. Karibu asilimia 43 zaidi kwa muruko unaofuata mapigo mengine. Ukikaa sekunde chache bila kumgusa adui inarudi sifuri, kwa hiyo inadai usimwache apumue.

Kobe ametoka leo. Nina Endurance ya kutosha sasa na nimejifunza kutokumaliza stamina. Amekaa nami sehemu kubwa ya gemu na hakuna hirizi niliyoiheshimu zaidi.

Kwa Malenia, bosi wa Haligtree: Claw, Rotten, Greatshield, Great-Jar's. Awamu yake ya kwanza ni upanga mtupu, na Greatshield ilionekana kwa kila pigo. Rotten ilikuwa na kazi ngumu kwa kuwa anaruka mbali, ngazi zinaanguka. Muruko ndio ulimwangusha: upanga unatua, anayumba, unatua tena.

Jumapili jioni, kabla ya mti

Kimebaki chumba cha mwisho. Radagon anakuja kwanza, Elden Beast anafuata palepale, hakuna kupumzika katikati. Radagon anapiga kwa nyundo na kwa nuru takatifu; Elden Beast ni nuru takatifu karibu yote. Greatshield, iliyoniokoa kwa Malenia, hapa inakaribia kuwa mzigo.

Nimeenda Mohgwyn Palace kuchukua Haligdrake Talisman +2, inayopunguza madhara matakatifu kwa asilimia 20. Hirizi inaweza kubadilishwa wakati wowote kwenye menyu, ila gemu haisimami unapofanya hivyo, kwa hiyo nimejizoeza kufungua menyu na kubadili moja bila kutazama vidole.

Elden Beast ni kiumbe kirefu kinachokimbia mbali. Rotten itakuwa inaanguka sifuri kila anapoogelea upande wa pili, na kwa pambano hilo naitoa. Badala yake naingiza Erdtree's Favor +2, niliyoikuta Leyndell iliyogeuka majivu. Kwa damu 1,900 asilimia 4 yake ni 76, stamina asilimia 10, uzito asilimia 8. Ile hirizi niliyoiacha kaburini siku ya kwanza kwa ajili ya damu 15, sasa inastahili nafasi, kwa sababu kila mbio kumfuata yule mnyama inakula stamina.

Mpangilio wa kuingia: Claw, Haligdrake +2, Erdtree's Favor +2, Great-Jar's Arsenal. Mdogo wangu anakuja saa mbili usiku tupigane pamoja. Yeye na Radagon Icon yake nyuma, mimi mbele.